Uliza Ujibiwe: Alipona kambini akiwa mtoto, akafia vitani, nani wa kumkumbuka?

Toleo lililopita niligusia kidogo tu habari ya askari waliopona Maangamizi ya Wayahudi utotoni halafu wakauawa vitani wakiwa bado vijana wadogo. Barua zimekuja nyingi. Ya kwanza ni ndefu nimeifupisha, ila jibu lake sitalifupisha maana ndo lenyewe.

SWALI: Mwalimu shikamoo. Namtunza bibi mmoja hapa Haifa, Israel, umri umeshapita 90, ananipenda sana. Alikuwa na rafiki yake, sio ndugu wa damu, walijuana kwenye meli ya Mataroa iliyofika Haifa Julai 1945, wote watoto waliotoka kwenye makambi ya Wanazi. Kijana mwenyewe kwao Łódź, Poland, alikaa geto (mtaa waliofungiwa Wayahudi), akapelekwa kambi ya Auschwitz, mwisho Buchenwald na huko ndo alikombolewa. Baba, mama na dada zake wawili hakuna aliyerudi. Halafu Mei 1948 akauawa vitani Kfar Etzion, kijiji cha Wayahudi kusini mwa Jerusalem, akiwa na miaka 19, hana mke, hana mtoto. Miaka yote bibi ndo anamuwashia mshumaa, sasa macho na miguu vimegoma, ananiambia mwanangu utaendelea wewe. Mi Mkristo, taratibu zao sizijui na naogopa kukosea, hata kaburini kwake sijui kama naruhusiwa kwenda, na nikitaka kumwandikia kumbukumbu sijui niandike nini. Alafu tarehe zenyewe kila mwaka ananitajia tofauti, nadhani ameanza kuchanganyikiwa. Na je huyu ni askari kweli kama nchi yenyewe ilikuwa haijatangazwa? (Mjukuu wa kuazima)

JIBU: Marahaba mwanangu. Bibi hajachanganyikiwa hata kidogo, anahesabu kwa kalenda ya Kiebrania. Kfar Etzion ilianguka tarehe 13 Mei 1948 na siku hiyo kwao ilikuwa 4 Iyar (Iyar ni jina la mwezi wao), sasa kalenda yao inafuata mwezi kwa hiyo ukiitafuta hiyo 4 Iyar kwenye kalenda yetu mwaka mmoja inaangukia Aprili, mwaka mwingine Mei. Na siku yao inaanza jua likizama. Maana yake mshumaa unauwasha jioni ya kuamkia, na iko mishumaa maalum inayowaka saa 24, usiuzime, acha uishe wenyewe.

Sasa hiyo 4 Iyar sio siku ya hivi hivi. Ndo siku ambayo Israel inawakumbuka askari wake wote waliokufa, na wapo wanaosema mojawapo ya sababu za kuichagua ni hao hao wa Kfar Etzion, yaani kijana wa bibi amekufa siku iliyokuja kuwa ya taifa zima. King'ora kinalia saa mbili usiku dakika moja, kesho yake saa tano asubuhi dakika mbili, magari yanasimama barabarani watu wanashuka wanasimama kimya. Kuna mwaka serikali inaisogeza siku hiyo ili isigongane na Sabato, ila kumbukumbu ya mtu binafsi haisogezwi, kwa hiyo usishangae ukimkuta bibi anawasha mshumaa na redio haijasema kitu.

Na wiki moja kabla, tarehe 27 ya mwezi wao wa Nisan, kuna king'ora kingine, cha kuwakumbuka milioni 6 waliouawa na Wanazi na washirika wao, na humo watoto peke yao ni kama milioni 1.5. Huyu kijana anahusika na ving'ora vyote viwili. Wiki hii ni wa kwao, wazazi na dada zake, wiki ijayo ni yeye. Muulize bibi anapitaje hiyo wiki, halafu kaa umsikilize, usimkimbize.

Kuhusu uaskari. Jeshi la Israel liliundwa rasmi mwishoni mwa Mei 1948, yeye alikufa siku moja kabla nchi haijatangazwa, lakini waliopigana chini ya Haganah, jeshi la Wayahudi la kabla ya nchi kutangazwa, wanahesabiwa kuwa askari waliofia vitani sawa na wengine wote. Pale Kfar Etzion waliuawa watu zaidi ya 120, wanaume kwa wanawake, wengine wakiwa wameshajisalimisha, na waliotoka hai ni wachache mno. Miili ilibaki huko huko mpaka Novemba 1949 ndo mabaki yakaletwa Jerusalem, yakazikwa kaburi la pamoja Mlima Herzl, kwenye makaburi ya kitaifa ya askari. Kwa hiyo ukifika usitafute kaburi lake peke yake, yuko na wenzie.

Kwenda unaruhusiwa, Mkristo, Mwislamu, asiye na dini, hakuna atakayekuuliza. Mwanaume anafunika kichwa. Weka kijiwe kidogo juu ya kaburi, hiyo ndo desturi yao ya tangu zamani, na maua kwenye makaburi ya askari pia yanawekwa. Ukitoka unanawa mikono. Ile sala yao ya Kaddish inataka Wayahudi 10 wawepo, hiyo haikuhusu wala hujakosea kwa kutoisema, ila siku ya kumbukumbu utawakuta wanaisema pale, unasimama nao basi. Jerusalem kuna treni ya mjini inayofika Mlima Herzl, ila siku yenyewe watu ni wengi mno, bibi wa miaka 90 kwenye kiti cha magurudumu mi nisingempeleka. Mpeleke siku moja mbili kabla, askari wanakuwa wameshaweka vibendera vyenye utepe mweusi kwenye kila kaburi na mahali bado patulivu.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo hujaniuliza na ndo kubwa kuliko yote.

Israel wana kundi maalum la askari kama huyu. Ni wale waliopona Maangamizi wakiwa wamebaki peke yao katika familia, halafu wakafa vitani bila kuacha mtoto, wanawaita chipukizi la mwisho, Netzer Acharon, na wana mnara wao hapo hapo Mlima Herzl. Fikiria vizuri maana yake. Askari mwingine akifa anaacha mama anayelia, kaka, binamu, hata mtoto wa dada atakayepewa jina lake. Huyu kwa kuwa alikuwa wa mwisho, alipokufa yeye wamekufa mara ya pili wale watu wanne, kwa sababu ndo mtu pekee duniani aliyekuwa anajua dada yake mdogo alikuwa anaitwa nani na alikuwa anapenda nini.

Na angalia mwaka. Yad Vashem, ile taasisi ya Jerusalem inayokusanya majina ya waliouawa, ilianzishwa kwa sheria mwaka 1953. Ina fomu, karatasi moja kwa kila mtu aliyeuawa, jina, wazazi, alikozaliwa, alikofia, na anayejaza ni ndugu au rafiki au jirani, yeyote aliyemjua au anayejua habari zake. Kijana wa bibi alikufa miaka mitano kabla hiyo taasisi haijawepo! Hakupata nafasi ya kuwaandikisha wazazi wake. Yeye jina lake lipo, wizara ya ulinzi ina tovuti ya Izkor yenye ukurasa wa kila askari aliyekufa, utamkuta. Lakini wale wanne inawezekana kabisa hakuna aliyewahi kuwajazia fomu, maana aliyetakiwa kuijaza yuko kaburini tangu 1948.

Kwa hiyo mwanangu kabla ya mshumaa, kabla ya maneno mazuri ya kuandika, chukua daftari ukae na bibi. Muulize kila jina alilowahi kulisikia mdomoni kwa yule kijana. Walikaa meli moja, bila shaka waliongea usiku, watoto wanaongea. Hata kama anakumbuka jina la dada mmoja tu, andika. Hata kama ni jina la utani. Kisha ingia kwenye hifadhi ya majina ya Yad Vashem kwenye intaneti, ni bure, ina majina kama milioni 5, tafuta kama wapo. Kama hawapo, jaza. Fomu hata ikiwa na mapengo inapokelewa.

Ukikwama kuna pa kwenda. Arolsen Archives iko Ujerumani, wana karatasi za makambi zinazohusu watu kama milioni 17.5 na kutafuta pia ni bure. Buchenwald ilipokombolewa 11 Aprili 1945 walikutwa vijana na watoto zaidi ya 900, wengi wao wale walioletwa Januari kutoka kambi za Poland, na wengi walikuwa banda la 66 ambako wafungwa wakubwa walijitahidi kuwalinda. (Rabi Yisrael Meir Lau, aliyekuja kuwa rabi mkuu wa Israel, alikuwemo humo Buchenwald akiwa na miaka 7, na yeye pia alifika kwa Mataroa hiyo hiyo, muulize bibi huenda anamkumbuka.) Ukipata kadi ya kijana angalia majina ya wazazi, mara nyingi yameandikwa. Mwaka wa kuzaliwa usiushangae ukitofautiana na wa kaburini, watoto wengi walijiongezea umri mlangoni Auschwitz kwa sababu mdogo asiyeweza kufanya kazi alikuwa anaenda moja kwa moja kuuawa.

Na Łódź yenyewe ina kumbukumbu nyingi kuliko geto nyingi, utawala wa geto uliandika sana na karatasi zikabaki. Ila nikuandae. Septemba 1942 Wajerumani walitaka watoto wa chini ya miaka 10 pamoja na wazee watolewe, mkuu wa geto Chaim Rumkowski akasimama mbele ya watu akawaomba wazazi wawatoe watoto wao, na ndani ya wiki moja wakachukuliwa watu zaidi ya 15,000 kupelekwa Chełmno kuuawa. Kama yule dada mdogo alikuwa hajafika miaka 10 mwezi ule, kuna uwezekano mkubwa ndo hapo alipoishia. Ukikuta hivyo usikurupuke kumwambia bibi usiku. Chagua muda, chagua maneno, na kama anajua tayari na miaka yote alinyamaza, mwache aseme mwenyewe.

Ukishamaliza ndo uandike. Uliniuliza uandike nini. Andika mtoto wa fulani na fulani, kaka wa fulani na fulani, mzaliwa wa Łódź. Ukianza hivyo familia nzima imekaa mstari mmoja, na huenda mpaka leo hakuna karatasi hata moja iliyowaweka hao watu watano pamoja, yeye yuko Izkor, wenzie wako Yad Vashem au hawako popote. Halafu weka kitu kimoja ambacho ni cha kwake tu, bibi anakijua, labda aliimba vibaya, labda alikuwa anaficha mkate mfukoni hata baada ya vita. Kifo chake kiwe sentensi moja, isizidi. Watu wengi wanaandika kambi na vita tu mpaka mtu mwenyewe anapotea, unamaliza kusoma hujui alikuwa mcheshi au mpole.

Mkitaka kufanya kitu siku hiyo, kuna njia ya miguu inayounganisha Yad Vashem na Mlima Herzl, viko jirani. Nenda nayo wewe kwa niaba ya bibi, anzia kwa wazazi wa kijana uishie kwake mwenyewe.

SWALI: Mwalimu mi ni Mwislamu na nasoma kila toleo. Vita hiyo ya 1948 Wapalestina walifukuzwa makwao. Nikimsikitikia huyo kijana sijawasaliti wale? (Msomaji wa siku nyingi)

JIBU: Hujamsaliti mtu. Ulichosema ni kweli na sitakizunguka, Wapalestina kama 700,000 walipoteza makazi yao vita ile na wengi hawakurudi hadi wamekufa. Tarehe 9 Aprili 1948, mwezi mmoja kabla ya Kfar Etzion, wapiganaji wa Kiyahudi waliingia kijiji cha Deir Yassin wakaua zaidi ya watu 100, wakiwemo wanawake na watoto. Kfar Etzion yenyewe ilijengwa upya baada ya vita ya 1967 ikiwa ndani ya Ukingo wa Magharibi, eneo linalokaliwa kijeshi na Israel, na mpaka leo ni mgogoro. Anayehadithia habari ya huyu kijana akayaruka haya anahadithia nusu.

Lakini pia anayeyataja haya ili kijana asililiwe, huyo simuungi mkono hata kidogo. Mtoto aliyekuwa na miaka 15 Buchenwald hakuchora ramani ya mtu. Alitafuta mahali pa kulala ambapo hataamshwa kwa kipigo, akajikuta vitani, akafa na miaka 19. Unaweza kumuombolea yeye na ukamuombolea mtoto wa Deir Yassin siku hiyo hiyo, moyo haujai. Ninachokataa ni kumtumia maiti kama fimbo ya kumpigia mwingine, na hilo linafanyika pande zote.

SWALI: Mwalimu hawa walikuwa Israel tu? Majeshi mengine je? (K.)

JIBU: Hapana, wapo na kwingine. Uingereza ilipokea watoto kama 10,000, wengi wao Wayahudi, kutoka Ujerumani, Austria, Czechoslovakia na kwingineko kati ya Desemba 1938 na vita kuanza 1939, wengi hawakuwaona tena wazazi wao. Wavulana walipokua baadhi wakaingia jeshini, na kuna kikosi kimoja cha makomando, kikijulikana kama X Troop, kilichokuwa cha wakimbizi wanaoongea Kijerumani, wasiofika 100. Walipewa majina ya Kiingereza na historia za uongo ili wakikamatwa Wajerumani wasijue kuwa ni Wayahudi. Sasa waliouawa, Normandy na kwingine, baadhi walizikwa na yale majina ya bandia, juu yake msalaba. Wazazi wameuawa, jina sio lake, alama ya dini sio yake. Baadaye baadhi ya mawe yalibadilishwa yakawekwa nyota ya Daudi baada ya watu kufuatilia kwa miaka, na kwangu mimi hiyo ni kazi ya heshima kubwa kuliko gwaride lolote.

Marekani yuko Tibor Rubin, Mhungari, alipelekwa kambi ya Mauthausen akiwa bado mtoto, akakombolewa na Wamarekani Mei 1945, akasema nikipata nafasi nitaingia jeshi lao, na kweli akaingia mwaka 1950 akapelekwa vita ya Korea. Huyu hakufia vitani, alitekwa akakaa kambi ya wafungwa miezi 30, usiku anatoka kuiba chakula anawalisha wenzie kwa sababu kambi alishaijua tangu utotoni. Nishani kubwa kuliko zote ya jeshi lao alikuja kupewa mwaka 2005, amefariki 2015. Namtaja ili uone yule aliyebaki hai alipata miaka 60 ya kusimulia. Waliokufa na miaka 19 hawakupata hata wiki.

SWALI: Mwalimu nimeguswa na hizi habari, nina ukurasa wangu wa historia. Kuna askari mmoja wa aina hii hana picha kabisa. Nimefikiria nitumie akili mnemba itengeneze sura yake kulingana na umri na nchi, watu waguswe zaidi. Unaonaje? (Kijana wa historia)

JIBU: Usifanye hivyo, nakuomba kabisa. Mwaka 2025 Makumbusho ya Auschwitz ilitoa tahadhari kuhusu kurasa zinazotengeneza picha za uongo za waliouawa, sura nzuri, macho yana machozi, na watu wanashea kwa maelfu. Unaona hatari yake? Wapo watu wanaosema Maangamizi hayakutokea, wanasubiri tu kitu cha uongo wakinyanyue waseme mnaona, vyote ni vya kutengeneza. Na mbali na hao, ile sura uliyotengeneza ni ya mtu ambaye hajawahi kuwepo, umemweka mgeni kwenye nafasi ya marehemu.

Fanya hivi. Tafuta kadi yake ya kambi Arolsen, wakati mwingine ina sahihi yake mwenyewe, mkono wake kabisa, weka hiyo. Ukikosa weka picha ya mtaa wao au meli waliyosafiria na uandike wazi kuwa ni picha ya mahali. Halafu andika kwamba picha yake inatafutwa, taja kambi, mwaka na kikosi, maana Israel kuna watu wa kujitolea ambao kazi yao ni hiyo hiyo kutafuta sura za askari wasio na picha, na albamu za wazee bado zipo kwenye makabati. Haraka lakini, wenye albamu hizo wana umri wa bibi wa Haifa.